Bima ya afya binafsi na shingo iliyochakaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi cherehani, nina duka Mombasa, miaka 19 nimeinamia mashine mpaka shingo ikadai haki yake. Picha ilitoka inasema pingili ya tano na ya sita zimesagika na diski ya katikati imenywea. Niliomba bima kampuni tatu: ya kwanza ikakataa, ya pili ikanipa masharti ya kuchekesha, ya tatu ndiyo niko nayo mpaka leo. Tangu hapo kila wiki kuna mtu ananiuliza yale yale kwa WhatsApp kwa hivyo nimeyaweka hapa yote nipumzike. Si ajenti wala si daktari, na naongea mambo ya Kenya manake ndiko niliko.

## Ya kuanzia

1. Huu ugonjwa unaitwaje hasa? Mimi nimeambiwa tu "shingo imezeeka".

Daktari ataandika spondilosisi ya shingo. Shingo ina pingili saba, wanaziita C1 mpaka C7, na katikati yake kuna diski kama sponji ya kiti. Umri na kazi zikikaa juu yake sponji inakauka, inashuka, viungo vinasuguana na mfupa unaanza kuota vijinundu pembeni. Inayoharibika sana ni ile ya C5 na C6 na inayofuata ya C6 na C7.

Sasa jambo ambalo watu hawaambiwi: watu wengi waliopita miaka 60 ukiwapiga picha utakuta shingo zao zimechakaa, na wengine hawasikii maumivu hata kidogo. Kwa hivyo kuwa na picha mbaya si lazima uwe mgonjwa mbaya. Ya kuogopwa ni mambo mawili, neva inayoenda mkononi ikibanwa (hapo unapata ganzi na umeme mpaka vidoleni) na, mbaya zaidi, uti wa mgongo wenyewe (ile kamba ya neva inayopita ndani ya pingili) ukibanwa. Hii tofauti ishike vizuri, bima yote inazunguka hapo.

2. Nitakataliwa?

Inawezekana, lakini si jambo la kawaida kwa mtu ambaye shingo inamuuma tu. Majibu yako manne. Wanakukubali kama kawaida ila shingo ingoje muda fulani. Wanakukubali na kuongeza premiamu, yaani ada unayolipa. Wanakukubali na kuitenga shingo, yaani kila kitu wanalipa isipokuwa hiyo. Au wanakataa.

Anayekataliwa mara nyingi ni aliyeambiwa afanyiwe operesheni na hajafanyiwa, au uti wa mgongo umeonekana umebanwa, au bado anafanyiwa vipimo na hakuna jibu. Huyo wa mwisho hata si kwamba amekataliwa, ameambiwa arudi majibu yakitoka.

Na ujue anayeamua hajawahi kukuona ukigeuza shingo. Amekaa ofisini na karatasi zako, fomu, ripoti, barua, basi. Nilipoelewa hilo niliacha kubishana na maajenti nikaanza kushughulika na karatasi, na mambo yakabadilika.

3. Si nina SHA tayari? Ya binafsi ya nini?

Swali zuri. SHA ni bima ya afya ya serikali, ilianza Oktoba 2024 kuchukua nafasi ya NHIF, aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote na chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, sisi wa jua kali tunapimwa uwezo halafu tunalipa ya mwaka mzima. Utamu wake kwa mtu wa shingo ni kwamba haikuulizi ulianza kuugua lini. Huwezi kukataliwa, basi.

Ila zahanati na vituo vya afya vya chini haviwezi kukupa fizio (mazoezi ya tiba) mara mbili kwa wiki, na mfuko wa SHIF, ambao ni wa hiyo hiyo SHA, umekaa zaidi upande wa kulazwa, operesheni na vifurushi vilivyotajwa kwa orodha. Mtu wa spondilosisi halazwi kila siku, pesa yake inaishia kwa kumwona daktari wa mifupa, fizio, dawa, na MRI (picha ya sumaku ya ndani ya mwili) mara moja moja. Hapo ndipo ya binafsi inasaidia. Lakini usiiache SHA, kwanza ni lazima kisheria, pili angalia swali la 12 na la 22 utaona inakuokoa wapi.

4. Premiamu itaongezeka kiasi gani?

Hakuna bei moja, usimwamini anayekutajia bila kuona ripoti yako. Kinachopandisha zaidi ni umri, limiti uliyochagua (kiasi cha juu watakacholipa), na kama umechukua ya kulazwa peke yake au na ya kutibiwa unarudi nyumbani. Nyongeza ya ugonjwa wanaiweka kwa asilimia juu ya hiyo. Mfano wa hesabu tu: premiamu ya elfu 40 ikiongezwa asilimia 25 inakuwa elfu 50. Uliza kama nyongeza ni ya kudumu au inaangaliwa tena mwaka ukiisha, watu hawaulizi.

Na ukilipa, dai msamaha wa kodi. Asilimia 15 ya premiamu, mwisho shilingi 60,000 kwa mwaka, inapunguzwa kwa kodi yako. Kampuni inakupa cheti, unakiweka kwenye ritani ya kodi.

## Kujaza fomu

5. Lazima niseme kuhusu shingo?

Ndiyo.

Mkataba wa bima umesimama juu ya uaminifu wa hali ya juu kabisa, kuliko mikataba mingine. Ukinunua nguo kwangu ni kazi yako kuikagua. Kwa bima ni kinyume, wewe ndiye unayejua kilichoko ndani kwa hivyo ni wewe wa kusema. Ukificha jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wao, wana haki ya kufuta mkataba kama haujawahi kuwepo. Si klemu (dai la malipo) ya shingo peke yake, mkataba mzima, hata malaria ya mtoto.

6. Ajenti ameniambia niandike "hapana" kila mahali ndiyo ipite haraka. Si yeye anajua zaidi?

Anajua zaidi jinsi ya kupata komisheni yake. Sisemi wote, wako wazuri sana, lakini mimi mwenyewe nilikaa na mmoja dukani kwangu, chai mezani, akachukua kalamu akaanza kuweka alama za "hapana" kutoka juu mpaka chini bila kunisomea swali hata moja, halafu akaniambia weka sahihi hapa mama. Niliona swali la tisa kwa bahati tu, "umewahi kutibiwa mgongo, shingo au viungo", alama imekaa pale pale. Na kola ya shingo nilikuwa nimeivaa! Nikamwambia baba, rudisha fomu. Akanuna.

Sahihi ni yako, si yake. Klemu ikifika watavuta rekodi zako hospitali na hapo ajenti hapatikani kwa simu. Jaza mwenyewe, piga picha kila ukurasa kabla hujatoa, na mambo muhimu mwandikie kwa meseji au imeili ibaki ushahidi. Kumbuka pia ajenti anafanya kazi kwa niaba ya kampuni, broka ndiye anayetakiwa kusimama upande wako, kwa mtu mwenye ugonjwa wa zamani broka mzuri anafaa zaidi manake anapeleka karatasi zako kampuni kadhaa kwa mara moja. Wote lazima wawe na leseni ya IRA (mamlaka inayosimamia bima Kenya), ni ya mwaka mmoja mmoja, na orodha iko wazi kwenye tovuti yao.

7. Sijawahi kwenda hospitali, shingo inauma tu nikiamka. Niandike nini?

Andika hivyo hivyo. Usijipe ugonjwa ambao hakuna daktari aliyekuambia unao, wewe si wa kujipima. "Huwa nasikia maumivu ya shingo asubuhi, sijawahi kumwona daktari, natumia panadol mara moja moja" ni jibu la ukweli na halimtishi mtu. Nishaona mtu kasoma kwenye intaneti akajiandikia spondilosisi, akaombwa MRI ambayo hakuwa na pesa yake.

8. Barua ya daktari iwe na nini?

Hii ndiyo karatasi kubwa kuliko zote na wengi wanaenda nayo ikiwa mistari miwili: "Mgonjwa huyu anatibiwa maumivu sugu ya shingo. Asaidiwe." Asaidiwe nini sasa? Yule wa ofisini anayeamua akikosa habari anadhania mbaya, ndiyo kazi yake.

Mwombe daktari wako kwa heshima, na umlipe konsalti yake usiombe ya bure kwenye korido, aandike maumivu yalianza lini, ni pingili gani, na picha ya mwisho ilisema nini. Aandike kama neva imebanwa au haijabanwa, na kama uti wa mgongo uko salama. Nguvu za mikono amezipimaje, unakamata vizuri, unatembea sawa, hisia za vidole ziko. Dawa gani unatumia sasa na mara ya mwisho kwenda fizio lini. Halafu siku ngapi umekosa kazi mwaka huu kwa sababu ya shingo. Na sentensi moja ya dhahabu, kama ni kweli: operesheni haijapendekezwa na haitarajiwi.

Ya kwangu ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Ile kampuni ya tatu waliniuliza swali moja tu baada ya kuisoma.

9. Nifanye MRI kabla ya kuomba ili niwe na ushahidi?

Kama daktari hajaiagiza, mimi ningesema hapana. Kwanza ni ghali. Pili, rudi swali la 1, ukipita miaka 40 MRI karibu lazima ikute kitu, na kikishaandikwa ni chako milele, itabidi ukitaje kwa kila fomu mpaka kaburini. Lakini kama daktari ameiagiza kwa sababu ya dalili, fanya, na wala usiiahirishe ili uombe bima kwanza. Hiyo si akili, ni kujidanganya mara mbili, manake fomu nyingi zinauliza pia kama kuna kipimo ulichoshauriwa na hujakifanya.

10. Faili yangu ya hospitali ina makosa. Nifanyeje?

Hapa nitaongea zaidi kidogo kwa sababu ndipo niliponaswa. Kampuni ya kwanza ilinikataa ikasema "operesheni inatarajiwa". Operesheni gani? Hakuna mtu alinitajia kisu. Nikaenda hospitali niliyotibiwa, nikaomba nakala ya faili, nikakaa kwenye benchi naisoma karatasi moja moja. Kwenye noti ya siku ya kwanza kabisa, mwandiko wa kuku, daktari wa zamu alikuwa ameandika alama ya kuuliza halafu "operesheni". Yaani alikuwa anajiuliza tu. Wiki mbili baadaye daktari wa mifupa akaona picha akasema fizio inatosha, lakini ile noti ya kwanza ndiyo iliyokwenda bima, na ile alama ya kuuliza huko njiani ikapotea.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kuona taarifa zako na kuomba zilizo na makosa zirekebishwe. Ombeni kwa maandishi. Hawatafuta noti ya zamani na wala haifai ifutwe, ni rekodi, ila daktari anaweza kuandika nyongeza inayoeleza uamuzi wa mwisho ulikuwa upi. Ya kwangu ilikuwa mistari mitatu na muhuri. Kwa hivyo kabla hujapeleka fomu popote, soma faili yako wewe kwanza kabla wao hawajaisoma.

## Kusoma masharti

11. Muda wa kungoja ni nini?

Ni kipindi umelipa lakini kitu fulani bado hawakilipii. Kwa kawaida magonjwa ya ghafla yanangoja siku 30 za kwanza (ajali haingoji), na kwa magonjwa ya zamani kama letu mara nyingi ni mwaka mmoja, kwingine zaidi. Unahesabiwa kutoka siku bima ilipoanza kazi, si siku uliyojaza fomu, na bima haianzi kazi mpaka premiamu iingie. Hakikisha tarehe iliyoko kwenye mkataba.

12. Wamenikubali lakini wameitenga shingo. Nikubali?

Soma neno kwa neno wametenga nini. Kuna tofauti kubwa kati ya "spondilosisi ya C5 na C6" na "shingo" na "uti wa mgongo wote na matatizo yanayotokana nao". Ile ya mwisho ni wavu wa dagaa, hakipiti kitu. Mgongo wa chini ukiuma watakwambia uti wa mgongo. Mkono ukifa ganzi, watakwambia inatoka shingoni. Kampuni ya pili waliniandikia hivyo na wakaongeza "na viungo vya mabega", nikawauliza kwani mnabima kichwa peke yake?

Omba wapunguze maneno yawe ya pingili zilizotajwa kwenye ripoti, ukiambatanisha ile barua ya swali la 8. Omba pia waandike kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili bila matibabu wataiangalia tena. Wakikubali, iwe ndani ya mkataba, ahadi ya simu ni upepo. Wakikataa kata kata, bado inaweza kufaa kama una watoto au sukari na presha iko kwenye ukoo, shingo unaiachia SHA na mfuko wako, hayo mengine yanalindwa. Ila usilipe nyongeza ya shingo wakati huo huo shingo imetengwa. Nimeona mtu amefanyiwa hivyo, analipia kitu ambacho hakimo.

13. Wameniambia magonjwa sugu yana limiti yake ndogo ndani ya limiti kubwa. Itatosha?

Kwa kulazwa, pengine. Kwa fizio ndipo inapobana. Chukua bei ya kikao kimoja pale unapotibiwa, zidisha kwa vikao ulivyoenda mwaka jana, ongeza konsalti na dawa, linganisha. Kumbuka limiti hiyo mara nyingi inagawanywa na magonjwa mengine sugu, kwa hivyo presha yako na shingo yako wanakula sahani moja. Na uangalie kama kuna idadi ya vikao, wengine limiti ya pesa iko juu lakini vikao ni kumi basi.

14. Kuna njia ya kupita bila kupimwa hivi?

Kundi. Mwajiri akinunulia wafanyakazi wote bima, mara nyingi hakuna kuulizwa mtu mmoja mmoja, na ugonjwa wa zamani unalipwa kutoka siku ya kwanza ndani ya limiti yake. Kama una kazi mbili mbele yako na mshahara unakaribiana, yenye bima ya kundi ina thamani kuliko unavyodhani.

Sisi tusioajiriwa tuna chama na SACCO. Kampuni kadhaa zinabima makundi hayo wakifika idadi fulani, kila kampuni ina idadi yake, na kundi liwe lilikuwepo kwa sababu nyingine, si watu kumi wenye shingo mbovu wamekutana jana. Sisi mafundi wa mtaa wetu tulijaribu, tukakwama kwa sababu nusu hawakulipa kwa wakati. Bima haikuwa na tatizo, tatizo sisi.

## Kutumia kadi

15. Fizio na MRI wanalipa moja kwa moja?

Konsalti kawaida unatoa kadi na kidole, imeisha. MRI, sindano za shingoni, kulazwa na fizio ya vikao vingi vinataka kibali kwanza. Daktari anatuma maelezo, kampuni inajibu, ndipo unaingia. Usifanye halafu uombe. Hakikisha pia hospitali iko kwenye orodha ya kifurushi chako, si ya kampuni tu, na uangalie kama kuna kiasi unachochangia wewe kila ziara. Mito ya shingo, mikanda na kola mara nyingi unajinunulia.

16. Wamekataa klemu wakisema ugonjwa ulikuwepo kabla.

Omba sababu kwa maandishi na kifungu cha mkataba wanachokitumia. Ukishaipata, rudi kwenye picha za fomu ulizopiga (swali la 6). Ulisema au hukusema? Kama ulisema na wakakubali bila kutenga na muda wa kungoja umeisha, uko kwenye haki, waandikie tena ofisi yao ya malalamiko ukiambatanisha. Wasipokusikiliza peleka IRA, kitengo cha kulinda wateja, hulipi kitu na huhitaji wakili. Usiporidhika na uamuzi wa IRA kuna Mahakama ya Rufaa ya Bima, una mwezi mmoja tu wa kukata rufaa.

Ugomvi mkubwa huwa ni ile ripoti ya MRI inayosema "mabadiliko ya muda mrefu". Wanasema unaona, ya zamani. Lakini mifupa kuanza kuchakaa zamani si sawa na wewe kujua. Hapo daktari aandike tarehe dalili zilipoanza na kwamba kabla ya hapo hukuwa umetibiwa.

17. Nimechelewa kulipa ya mwaka mpya kwa wiki tatu. Kuna shida?

Kwa mtu mzima wa afya, kidogo. Kwako, kubwa. Ukikatika unaweza kuanza upya kama mteja mgeni, fomu upya, muda wa kungoja upya. Ule mwaka wote uliovumilia umekwenda na maji. Weka pesa pembeni kila wiki, mimi nina kopo lake. Kuna mikopo ya benki ya kulipia premiamu kwa awamu, inasaidia, ila ukikosa awamu benki inaweza kuisimamisha bima kabla hata hujashtuka.

## Hali za pembeni

18. Nimegunduliwa baada ya kuwa na bima tayari.

Kama dalili nazo zilianza baada ya bima, una bahati, huo si ugonjwa wa zamani kwa mkataba huo. Usibadilishe kampuni kwa sababu ya tofauti ya elfu tatu.

19. Na nikitaka kuhama kweli?

Usifute ya kwanza mpaka ya pili ikukubali kwa maandishi. Omba kampuni mpya ihesabu muda ulioutumikia kule, wengine wanakubali ukileta mkataba wa zamani na historia ya klemu, hasa makundi. Ukiacha kazi, waulize HR kabla hujatoka kama unaweza kuendelea na kampuni hiyo hiyo kama mtu binafsi, ukishatoka hakuna anayepokea simu.

20. Nilianguka na boda na shingo tayari ilikuwa imechakaa. Ni ajali au ugonjwa?

Vyote viwili, na watagombana. Dharura ya siku hiyo ni ajali, hiyo haingoji. Miezi sita baadaye ukiwa bado kwenye fizio ndipo watasema ni uchakavu wako wa zamani. Picha iliyopigwa kabla ya ajali ni dhahabu hapo, daktari akiweza kuonyesha kipya ni kipi. Ripoti ya polisi iwepo. Na ile bima ya ajali binafsi ya bei rahisi mnayouziwa kwa simu si bima ya afya, inalipa kuumia kwa ajali, uchakavu haimo kabisa.

21. Mama yangu ana miaka 68, shingo na magoti. Nimwingize kwenye yangu?

Kampuni nyingi zinafunga mlango wa wateja wapya mahali fulani kati ya miaka 60 na 70. Uliza zile zenye vifurushi vya wazee, zipo, bei imesimama na limiti si kubwa. Kama mwajiri wako anaruhusu wazazi kwenye kundi, huko ndiko kwa kwanza. SHA yake hakikisha imelipwa vyovyote iwavyo.

Walioko nje huwa wananiuliza upande wao pia. Marekani tangu 2014 bima za kawaida za afya hazikatai mtu wala kumwongezea bei kwa ugonjwa wa zamani. Uingereza NHS (huduma ya afya ya serikali yao) haikuulizi, lakini ya binafsi kule mara nyingi wanaangalia miaka 5 nyuma na wanataka ukae miaka 2 bila dalili wala matibabu ya hiyo shingo ndipo waifungue. Mtu wa spondilosisi kukaa miaka 2 bila hata kumwuliza daktari, haya.

22. Niko kwenye muda wa kungoja na mkono umeanza kufa ganzi. Nisubiri uishe?

Usisubiri! Ganzi inayokuja na kuondoka, nenda wiki hii. Lakini kama vitu vinaanguka mkononi, vifungo vya shati vinakushinda, miguu inayumba kama umelewa, au mkojo umebadilika, hiyo ni leo, dharura, uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa na uharibifu wake mwingine haurudi. Mimi ninavyojipima ni kutunga uzi kwenye sindano kila asubuhi, siku nikishindwa mara tatu mfululizo nafunga duka.

Tumia SHA kwa hilo, ndipo inapofaa, hakikisha usajili na malipo yako sawa sasa hivi kwa *147# na si ukiwa mapokezi. Bima ya binafsi wajulishe hata kama hawalipi, omba wakujibu kwa maandishi. Sehemu ambazo hazihusiani na shingo wanaweza kulipa, na mwaka ukiisha hakuna atakayesema ulificha.